Mhusika Huanzia Miguuni

 Leo naomba tufungue daftari la michoro la kijana anayesomea uhuishaji, kazi ile ya kuipa picha uhai mpaka itembee, icheke, inune na ikimbie kwenye televisheni yako sebuleni.

Watoto wanaiita katuni tu, na wanaijua kuliko sisi. Mwulize mtoto wa chekechea habari za Akili, atakwambia kwamba ni binti wa miaka 4, anakaa na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila akilala huingia Lala Land kucheza na marafiki zake wanyama. Huyo Akili amezaliwa hapa hapa Dar es Salaam, mikononi mwa watu wa shirika la Ubongo, wale wale waliotuletea kipindi cha Ubongo Kids mwaka 2014. Kwa hiyo tusizungumze kana kwamba uhuishaji ni kitu cha ng'ambo kinachotujia kwenye meli. Wapo vijana wetu wanaoishi kwa kazi hiyo, na wengine wengi wamo vyuoni wakijifunza.

Daftari nililopewa kulitazama ni la binti mmoja wa mwaka wa pili. Kurasa za mwanzo zimejaa wasichana wenye macho makubwa yenye nyota ndani na wavulana wenye nywele zilizosimama kama miiba. Ni wahusika wa katuni za Kijapani, wamenakiliwa kwa mkono ulio makini kweli. Ukifika katikati ya daftari, mambo yanabadilika ghafla. Macho makubwa yanakwisha. Unakutana na kituo cha daladala.

Kuna ukurasa wa konda. Mchoro una mistari michache mno, umefanywa upesi kabla gari halijaondoka. Mguu mmoja uko kwenye ngazi ya mlango, wa pili hauna pa kukanyaga, uko hewani. Mkono mmoja umekunjwa kwa ndani umeshika bomba, na mwili mzima umetoka nje ya gari kana kwamba upepo ndio unaoubeba. Mkono wa pili umebana noti kati ya vidole, zimekunjwa kwa urefu namna ile wanayozikunja wao. Uso hakuuchora kabisa. Hakuna jicho, hakuna mdomo. Na bado, ukimwonyesha mtu yeyote wa mjini, atakwambia huyu konda, tena gari imejaa na ana haraka.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Mhusika wa katuni huanzia miguuni. Anaanzia pale uzito wa mwili unapokaa, jinsi mgongo unavyoupokea, jinsi bega linavyoinuka kusaidia. Uso huja mwisho. Wanafunzi wengi wanaanza na uso, na ndiyo maana wahusika wao wanapendeza wakiwa wamesimama, wakianza kutembea wanakuwa vibaraka.

Nifafanue kidogo. Picha ya sinema hupita mbele ya macho kwa kasi ya fremu 24 kila sekunde. Mchoraji wa mkono mara nyingi huchora 12, kila mchoro ukikaa kwa fremu 2, na jicho linaridhika. Hatua moja ya mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida huchukua kama fremu 12, yaani nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde hiyo mwanafunzi anafundishwa mikao minne: kisigino kinagusa chini, mwili unashuka na kuupokea uzito, mguu wa nyuma unapita pembeni ya ule wa mbele, kisha mwili unapanda juu ya vidole. Ukiangalia kichwa peke yake, utakiona kinashuka na kupanda, kinashuka na kupanda, kila hatua. Somo hilo limo kwenye vitabu vingi vikubwa, kikiwemo cha Richard Williams, The Animator's Survival Kit, kilichotoka mwaka 2001 na ambacho wanafunzi wengi duniani wanakitumia hadi leo. Ni somo zuri, na kila mwanafunzi alijue.

Sasa turudi kwa binti yetu. Kurasa mbili mbele ya konda kuna mama mwenye ndoo ya maji kichwani. Amemchora mara nyingi, mmoja chini ya mwingine, ukurasa mzima. Kata ya khanga iko juu ya kichwa, ndoo juu ya kata, mkono mmoja unaning'inia ukipunga polepole, mwingine haugusi ndoo kabisa. Kiuno kinakwenda kulia na kushoto. Magoti yamelegea kidogo. Na pembeni, kwa mwandiko wa haraka, ameandika maneno mawili: kichwa hakipandi.

Nilisimama hapo. Kwa sababu binti huyu, akiwa amekaa kwenye tofali karibu na bomba la mtaa, alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mwendo wa mama aliyebeba una siri yake, na siri hiyo wanasayansi nao waliipima maabara kwa njia yao. Mwaka 1986 mtafiti wa Kenya, Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake wa nchi nyingine, waliandika katika jarida la Nature kuhusu wanawake wa Kijaluo waliozoea kubeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu waliozoea kubeba kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Waliwapima pumzi wakiwa wanatembea. Walikuta kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Mama wa kilo 60, basi, anabeba kilo 12 na mwili wake unahesabu kana kwamba hajabeba kitu. Mwaka 1995 baadhi ya watafiti hao wakarudi na maelezo. Mtu anapotembea, mwili wake huenda kama timazi ya saa iliyopinduliwa, ukibadilishana nguvu ya kupanda na nguvu ya kwenda mbele, na katika kubadilishana huko kiasi fulani hupotea kila hatua. Akina mama hawa, wakiwa na mzigo, hupoteza kiasi kidogo kuliko sisi. Mwendo wao unakuwa bora zaidi wakiwa wamebeba.

Naomba nisieleweke vibaya. Simaanishi kwamba ndoo ni nyepesi, au kwamba akina mama waendelee kuzibeba. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, inazidi mbali hiyo asilimia ya bure, na shingo inaumia. Bomba lifike nyumbani. Ninachosema ni kwamba ndani ya mwendo ule kuna ujuzi ambao haumo kwenye kitabu cha mwanafunzi, na yeyote anayetaka kumchora mama yule lazima aende akamtazame.

Binti alinieleza kwamba kabla ya hapo alikuwa ameshamtengeneza mama huyo kwenye kompyuta kwa zoezi la darasani. Akafuata kitabu, mikao minne, kichwa kikipanda na kushuka. Kila kitu kilikuwa sahihi isipokuwa ndoo, ambayo ilionekana tupu. Maji yote yangeshamwagika. Mwalimu hakuona tatizo, bali mama yake mzazi aliliona mara moja. Basi akarudi bombani na penseli, na alipomtengeneza tena alikizuia kichwa kwenye mstari mmoja, akaacha magoti na nyonga vifanye kazi yote. Nimeitazama hiyo video fupi ya sekunde chache. Ndoo imejaa. Hakuna tone la maji linaloonekana, ila unajua imejaa.

Sasa kuna jambo linalonigusa sana kuhusu zile kurasa za mwanzo, za macho makubwa. Sina ugomvi na katuni za Kijapani. Kijana hujifunza kwa kunakili, na hata mafundi wetu wa kuchonga milango kule Zanzibar walianza kwa kunakili nakshi za walimu wao. Lakini anayewapenda Wajapani awafuate mpaka ndani. Chukueni filamu ya Hayao Miyazaki, Spirited Away, ya mwaka 2001. Kuna sehemu ambapo msichana Chihiro anampa dawa joka aliyejeruhiwa, anamfungua mdomo kwa nguvu na kuisukuma dawa ndani. Miyazaki aliwaeleza wachoraji wake kwamba iwe kama kumlisha mbwa dawa. Akagundua kwamba hakuna kati yao aliyewahi kufuga mbwa. Alisikitika kweli, na wachoraji hao wakaenda kwa daktari wa mifugo, wakamtazama mbwa akifunguliwa mdomo, wakapiga video, wakatazama ufizi, taya, na jinsi mnyama anavyokataa. Joka halipo duniani. Lakini joka lile linauma, linahema na linakataa dawa, kwa sababu watu walikwenda kumtazama mbwa wa kweli. Hilo ndilo la kuiga kwa Miyazaki.

Na hata huko Marekani, katika studio ya Walt Disney, jambo hilo la kutazama halikuja lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wachoraji wake walikuwa mafundi wa vichekesho vya haraka, vya mikono na miguu ya mpira. Mmoja wao, Art Babbitt, akaanza kuwaita wenzake nyumbani kwake jioni kuchora watu halisi waliokaa mbele yao. Disney alipopata habari akaona ni vyema jambo hilo lifanyike studioni. Mwaka 1932 akamleta mwalimu wa sanaa, Don Graham, na madarasa yakaendelea kwa miaka. Walipotengeneza Bambi, filamu ya mwaka 1942, waliletewa watoto wa kulungu ndani ya studio wawachore. Na kabla ya The Lion King ya mwaka 1994, filamu iliyobeba majina yetu, Simba, Rafiki, Pumbaa, baadhi ya watengenezaji wake walisafiri hadi Kenya kutazama ardhi na mwanga wake, na wachoraji waliletewa simba hai wamchore. Kampuni yenye pesa zote zile iliona haina njia ya mkato.

Babbitt huyo huyo alifanya kitu kingine mwaka 1934 ambacho ningependa kila mwanafunzi akijaribu. Aliandika kurasa kadhaa kumhusu Goofy, yule mhusika mrefu mwenye masikio ya mbwa. Aliandika anavyofikiri, anavyocheka, anavyokosea, anavyowaamini watu kupita kiasi, anavyosimama mgongo ukiwa umepinda upande usio wake. Kabla ya hapo Goofy alikuwa mtu wa kupita tu kwenye vichekesho. Baada ya hapo akawa mtu. Na mchoraji mwenzake, Bill Tytla, alipopewa kumchora tembo mtoto Dumbo, wa filamu ya mwaka 1941, alimtazama mwanawe mdogo nyumbani: anavyokumbatia, anavyojificha, anavyosahau kilio katikati ya kilio. Akayahamishia yale kwa tembo.

Sisi nasi tunao utamaduni huu, ingawa ulikuwa wa karatasi isiyotembea. Wale wa rika langu wanawakumbuka wahusika wa jarida la Sani waliochorwa na marehemu Philip Ndunguru. Wenzetu wa Kenya wanamkumbuka Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, aliyekaa gazetini kwa miongo. Na wa leo wanamjua Kipanya wa Ali Masoud, panya mdogo anayesimama pembeni ya wakubwa na kusema lake. Msomaji aliwajua hao mpaka akaweza kukisia watafanya nini kabla hajafungua ukurasa. Nadhani ni kwa sababu wachoraji wao walikuwa watu wa barabarani na vijiweni. Masikio yao yalikuwa wazi. Vijana wa uhuishaji wanapotafuta walimu, wawatafute na hao, wayatafute magazeti ya zamani maktaba, watazame jinsi mtu anavyosimama anapodaiwa.

Michoro ya Tingatinga nayo ina la kutufundisha. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alituachia wanyama wenye madoa na rangi za kung'aa, wamesimama upande, wametulia. Miaka mingi baadaye studio moja ya Nairobi ilishirikiana na Waingereza kuwageuza wanyama wa mtindo huo kuwa kipindi cha watoto, Tinga Tinga Tales, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2010. Fikiria kazi iliyokuwepo. Mchoro unakuonyesha tembo mzuri sana, lakini haukwambii anaweka vipi mguu chini. Hilo lazima mtu aende akamwulize tembo mwenyewe.

Mambo mengine ya daftari nitayapitia upesi, maana walimu wanayafundisha vizuri. Kuna zoezi la kumjaza mhusika wino mweusi mzima ili uone kama bado anatambulika kwa umbo lake tu. Akili angefaulu, kwa nywele zake. Kuna karatasi ya mhusika, inayomwonyesha mbele, ubavuni na mgongoni, ili wachoraji kumi wamchore mtu yule yule. Kuna kuhesabu vichwa: mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake kama 7 na nusu, mtoto mchanga vichwa 4, na ndiyo maana mhusika mwenye kichwa kikubwa hutufanya tumwonee huruma. Yote hayo yana kazi yake. Ila yote huja baada ya kutazama.

Najua mzazi mmoja anayenisikiliza sasa hivi anauliza: haya yote yatamlipa mwanangu? Ni swali la haki. Mwaka 2023 Disney walitoa mkusanyiko wa filamu fupi 10 za wahuishaji wa Afrika, wakaupa jina la Kiswahili, Kizazi Moto. Ndani yake wamo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Mwaka 2025 tuzo ya Oscar ya filamu bora ya uhuishaji ilikwenda kwa Flow, filamu ya paka, ya mwongozaji kutoka Latvia, nchi ndogo isiyo na majina makubwa ya studio. Filamu hiyo haina neno hata moja la binadamu. Na imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo mwanao anaweza kuipakua leo bila kulipa senti. Kwa hiyo programu si kikwazo tena kama zamani. Paka yule ametembea ulimwenguni kote kwa sababu anatembea kama paka.

Kuna ugumu mmoja vijana wanakutana nao ambao hauzungumzwi. Ukikaa stendi na daftari, watu wanakutilia shaka. Anaandika nini huyu? Katumwa na nani? Binti wetu ameshafukuzwa sokoni na kijana mmoja mwenye hasira. Baada ya hapo akajifunza kusalimia kwanza, kuomba ruhusa, kuonyesha alichochora, na mtu akikipenda anamkatia ukurasa anampa. Hili naliunga mkono kwa moyo wote. Mama wa kuuza vitumbua hakuzaliwa awe zoezi la mtu. Na ukimpa mtu mchoro wake, kesho anakuita mwenyewe, anakwambia njoo umchore na mwenzangu, tena tazama anavyokaa. Simu inapiga picha upesi zaidi, lakini simu inachukua na kuondoka. Penseli inakulazimisha ukae, na mtu akikuona umekaa naye anakuzoea, bega linashuka, anarudi kuwa yeye.

Ndiyo maana nina ombi kwa wakuu wa vyuo vinavyofundisha uhuishaji, hapa kwetu na kote Afrika Mashariki. Mna vyumba vya kompyuta, na ninawapongeza. Naomba chumba kimoja zaidi, kisicho na kompyuta hata moja, meza zimesogezwa ukutani na sakafu iko wazi. Mchana mmoja kila wiki, aalikwe mtu wa kuchorwa. Aje mama wa samaki kutoka Feri na beseni lake, atembee kutoka ukuta hadi ukuta, mara akiwa nalo, mara akiwa mikono mitupu. Aje mbeba mizigo wa Kariakoo na gunia, aonyeshe linavyoinuliwa kutoka chini mpaka begani, pole pole, mara nyingi anavyoweza bila kuumia. Aje bibi mwenye mkongojo. Aje konda. Wanafunzi waanze na michoro ya nusu dakika, mpaka mkono ulegee, kisha ya dakika 5, kisha wakae chini na mgeni, wamwulize mwenyewe uzito anausikia wapi. Yeye ndiye anayejua.

Na mtu huyo alipwe. Asipewe soda na nauli. Alipwe kiasi kile kile chuo kinachomlipa mhadhiri mgeni kwa saa zile zile, asaini fomu ile ile ya malipo, na katika ratiba ya muhula jina lake liandikwe kwenye safu ya walimu.